Macho ya Babu: Si Uzee Tu

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mzee akianza kujikwaa kwenye viti huku kwetu tunasema, "Si ni uzee tu?" Hebu tuchungulie ndani ya jicho.

Nyuma kabisa kuna utando mwembamba uitwao retina. Seli zake hupokea mwanga, kisha seli za neva hupeleka habari kwenye ubongo kwa nyuzi kama milioni moja, zilizoshikana mithili ya kamba. Zikifa, hazioti tena. Mtoto wa jicho ni jambo jingine: huo ni ukungu wa lenzi, na mtu hupasuliwa akaona.

Glakoma ndiyo huua neva hizo, mara nyingi kwa shinikizo ndani ya jicho. Tena mara nyingi haiumi! Huanzia pembeni, na mgonjwa hujiona mzima mpaka anabaki kuona kama anayechungulia kwenye bomba. Hutembea pia katika ukoo.

Jirani zetu wa Nakuru walichunguzwa kweli kweli. Mwaka wa 2007 na 2008 watafiti walipima watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi, wakawarudia 2013 na 2014. Huko kurudi ndiko kulikonifurahisha, maana ugonjwa wa polepole haujulikani kwa siku moja.

Matone ya dawa hupunguza shinikizo, lakini hayarudishi kilichopotea. Kwa hivyo babu akipatikana na glakoma, baba na shangazi nao waende wakapimwe, hata kama bado wanasoma gazeti bila miwani.