Barua Yenye Muhuri: Kutengeneza Lakiri Nyumbani



Somo letu la Jumamosi mbili zijazo ni barua. Nasema barua ya karatasi, iliyoandikwa kwa mkono, iende kwa bibi, babu, shangazi au mjomba aliye nyumbani, na ifungwe kwa muhuri wa nta utakaoutengeneza mwenyewe. Lakini kabla ya kuwasha mshumaa tujue maneno yetu.

Nta ya kufungia barua inaitwa lakiri. Neno hili tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni lacre, kama tulivyopata kwao meza, bendera na leso. Alama inayogandamizwa juu ya lakiri ndiyo muhuri, na ikiwa mingi ni mihuri. Wazazi mkisikia muhuri mtakumbuka kwanza ule wa mpira na wino wa mwenyekiti wa mtaa, ambao barua ikiukosa, ofisini hawaiangalii mara mbili. Ni neno lile lile. Na lakiri bado iko kazini: Tanzania masanduku ya kura hufungwa kwa lakiri, ingawa siku hizi ni za plastiki. Haimzuii mtu kufungua, ila akifungua itajulikana.

Hapo ndipo nina neno nanyi, wazazi wenzangu. Watoto wetu wanazungumza na bibi kwenye simu huku sisi tumesimama nyuma yao: "Mwambie shikamoo. Mwambie umefaulu mtihani. Sema vizuri!" Bibi anasikia sauti ya mjukuu lakini maneno ni yetu. Basi barua hii naomba msiisome. Mtoto akiwauliza neno, mpeni neno, lakini karatasi ibaki mkononi mwake. Akiandika "mimi nataka kuona wewe" badala ya "natamani kukuona", bibi ataelewa, na huenda akacheka, na atajua kwamba hayo ameyatunga mjukuu wake mwenyewe. Mimi pia sitaisoma. Tutafanya mazoezi ya salamu, tarehe na "wako mjukuu" kwenye daftari, kisha barua yenyewe itaandikwa nyumbani na kufungwa.

Sasa vifaa. Mshumaa wa kawaida peke yake haufai: ukiganda unakuwa mkavu, bahasha ikikunjwa kidogo tu unapasuka, na unaacha doa la mafuta kwenye karatasi. Dawa yake ni gundi ya vijiti, ile wanayoyeyusha mafundi kwa bunduki ya gundi. Hiyo ndiyo inayoipa lakiri unyumbufu. Rangi tutaipata kwenye krayoni iliyovunjika, na najua kila nyumba inazo.

Kwa muhuri mmoja, kata kipande cha gundi cha sentimita 2 na ukikatekate vidogo. Ongeza kipande cha krayoni chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ukiwa umeondoa karatasi yake. Weka vyote kwenye kijiko kikuukuu cha chuma, mzazi akishike kwa kitambaa juu ya mshumaa mdogo, ule wa kwenye kikopo cha bati. Koroga kwa kijiti cha meno mpaka rangi iwe moja. Ukiona moshi, ondoa kijiko motoni mara moja, maana hiyo imeungua.

Cha kugandamizia, tafuta sarafu. Za Kenya zilizotoka mwaka 2018 ni nzuri mno kwa kazi hii: shilingi 1 ina twiga, 5 ina faru, 10 ina simba na 20 ina tembo. Igandishe kwenye kizibo cha chupa upate pa kushika. Asiye na sarafu atumie kifungo cha koti chenye mchoro. Ukitaka kuchonga herufi ya jina lako, kumbuka kwamba itatokea imegeuka. Amina na Tatu hawana shida, kwa sababu A na T zikigeuzwa ni zile zile, lakini Salma na Faraji watachonga kinyume.

Weka sarafu juu ya barafu kidogo, kisha uifute ikauke kabisa. Ikiwa ya moto itang'ang'ania kwenye lakiri. Mimina lakiri pale bahasha inapofungwa, hesabu moja hadi kumi, gandamiza, kisha hesabu tena hadi sitini bila kutikisa mkono. Kwa Kiswahili, tafadhali! Halafu inua.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nivumilieni hapa. Nta ya moto hung'ang'ania ngozi. Ikimdondokea mtoto, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, dakika 20 kamili, na uvue pete au bangili kabla hapajavimba. Usibandue kwa nguvu nta iliyogandia ngozi. Usipake dawa ya meno, siagi, asali wala ute wa yai, hata kama ndivyo tulivyofanyiwa sisi. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto pamoja na vidole vyake, au likitoa malengelenge usoni au mkononi, nendeni hospitali.

Tukiwa mezani tutajifunza vitenzi pia. Nta inayeyuka, lakini mama anayeyusha nta. Lakiri inaganda, barafu inaigandisha. Kisha angalieni wale wanaotengua kazi ya wenzao: funga na fungua, bandika na bandua, ziba na zibua, chomeka na chomoa. Wewe unabandika, bibi anabandua. Kila mwanafunzi atafute jozi nyingine mbili nyumbani. Babu na bibi wa kwenye simu wanaruhusiwa kusaidia.

Kuhusu posta: mashine za kupanga barua zinaweza kuvunja muhuri, kwa hiyo tia bahasha yenye lakiri ndani ya bahasha nyingine kubwa kidogo. Hapa Uingereza barua ya kawaida haizidi unene wa milimita 5 na uzito wa gramu 100, basi lakiri yako isiwe nene kama chapati. Kwenye anwani usisahau S.L.P., yaani Sanduku la Posta, kwa kuwa kwetu barua nyingi hazipelekwi hadi mlangoni. Wazazi, ulizeni namba hiyo wiki hii. Kama familia haina sanduku, tafuteni msafiri.

Jumamosi leteni krayoni zilizovunjika, kijiko kikuukuu, sarafu au kifungo, na bahasha mbili kwa kila mtoto. Gundi na mishumaa ninayo.