Nyara, Amana na Mnada: Msamiati wa Mali ya Adui na Swali la Ardhi ya Kericho

Utangulizi

Katika semina moja ya tafsiri tulipewa kazi ya kutafuta istilahi ya Kiswahili ya cheo kilichofahamika sana Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, yaani afisa wa Serikali ya Waingereza aliyeshika mali ya Wajerumani, akaiorodhesha, na hatimaye akaipiga mnada. Wanasemina tuligawanyika. Mmoja alipendekeza "Mlinzi wa Mali ya Adui". Mwenzetu mzawa wa Tanga akasema "Kabidhi wa Mali ya Adui". Mimi, mzawa wa Bomet, nilishikilia "Mfilisi", na saa mbili zikaisha bila mwafaka.

Makala haya ni mwendelezo wa mjadala ule. Yananuia kuonyesha kwamba tofauti baina ya maneno hayo si ya ladha tu, bali ni tofauti ya haki: kila neno humpa mwenye mali nafasi yake, au humnyima. Nimechagua kuyapima maneno hayo kwa mifano miwili, Tanganyika ya baada ya vita na Kericho ya wakati huo huo. Kericho nimeileta kwa sababu anayesafiri kutoka mjini humo kwenda Sotik kupitia Litein huzungukwa na chai pande zote mbili, na mtoto wa huko hukua akisikia wazee wakisema kwamba ardhi ile "ilienda". Kitenzi hicho "kuenda" kimenisumbua kwa miaka mingi. Ardhi haina miguu.

Kilichotekwa na kilichowekwa

Tuanze na vita. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kitu kilichopatikana kwa nguvu: nyara, ngawira, mateka, na katika maandishi ya dini, ghanima. Yote yamesafiri mbali na asili yake. Ngawira katika magazeti ya Kenya imekuwa fedha tu, hata mshahara wa halali. Nyara imebaki katika "kuteka nyara", na huko Tanzania sheria za wanyamapori zina "nyara za Serikali", yaani pembe, ngozi na kadhalika. Mateka siku hizi ni watu zaidi kuliko vitu. Jambo moja linayaunganisha: mwenye mali wa kwanza hayumo tena. Kitu kikishakuwa nyara, hatuulizi kilikuwa cha nani. Hata hivyo, ghanima angalau ina hesabu, kwani sheria ya Kiislamu huitengea khumsi, sehemu moja ya tano, kabla ya wapiganaji kugawana kilichosalia.

Upande wa pili kuna amana. Amana ni mali iliyo mikononi mwa mtu asiye mwenyewe. Hapo ndipo lilipo neno la mwenzetu wa Tanga. Katika Kiarabu, mzizi wa kabidhi una maana ya kushika au kufumbata. Katika Kiswahili kitenzi kukabidhi kimegeuka kuwa kutoa na kuweka mikononi mwa mwingine, ilhali mtu kabidhi ni bahili asiyefumbua kiganja. Tanzania imelitumia neno hilo katika cheo cha Kabidhi Wasii, msimamizi wa mali za marehemu na wadhamini. Sijui kama kuna neno jingine linalobeba kwa pamoja uaminifu na ubahili kwa ustadi kama hili!

Tanganyika: kutoka ukabidhi hadi ufilisi

Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zilikataza uporaji na zikasema kwamba mali ya mtu binafsi katika nchi iliyokaliwa na jeshi la kigeni haitwaliwi kuwa ya mkaliaji. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, Tanga Julai, na Dar es Salaam Septemba mwaka huo huo. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mashamba ya mkonge na kahawa, maduka na maghala ya Wajerumani yalipaswa kuwa amana. Vita vilikuwa havijaisha, na mwenye mali alikuwa bado mwenye mali.

Mkataba wa Versailles wa 28 Juni 1919 ulibadilisha hali hiyo. Kifungu cha 297 kiliyaruhusu mataifa yaliyoshinda kuzuia na kufilisi mali za raia wa Ujerumani, na kifungu cha 121 kikaieneza ruhusa hiyo hadi makoloni ya zamani ya Ujerumani. Fedha zilizopatikana ziliingizwa katika hesabu, na Ujerumani yenyewe ikabebeshwa jukumu la kuwafidia raia wake. Ndipo minada ilipoanza Tanganyika, na mashamba mengi yakaangukia mikononi mwa Wahindi, Wagiriki na Waingereza. Hapa neno langu la "Mfilisi" linapata mashiko. Kufilisi kunatokana na mzizi wa Kiarabu uliozaa pia neno la sarafu ndogo. Mwenye kufilisiwa ni mtu aliyebakiziwa vijisenti. Mnada nao ni mwito tu, kutokana na kunadi, kutangaza kwa sauti.

Nakiri hata hivyo kwamba mwenzetu hakukosea. Cheo kilianza kuwa cha kabidhi kikaishia kuwa cha mfilisi, huku jina la ofisi likibaki lile lile. Ndiyo maana tulishindwa kuelewana: tulikuwa tunatafsiri miaka tofauti.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba Mjerumani aliyefilisiwa alikuwa na jina kwenye daftari. Shamba lake lilipimwa, likatajwa, likauzwa kwa bei inayojulikana. Fidia yake huenda ilimezwa na kuporomoka kwa fedha ya Ujerumani mwaka 1923, lakini ilikuwako kisheria. Tangu 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi wakajipatia mashamba upya, hadi vita vya 1939 vilipomrudisha Kabidhi kazini. Huyu ndiye adui.

Mwenyeji wa chini ya mkonge ule hakuandikwa katika daftari hilo. Amri ya Kaisari ya mwaka 1895 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali, na "isiyo na mwenyewe" ilitafsiriwa kwa upana wa kutisha. Mnada wa Mwingereza uliuza kilichotwaliwa na Mjerumani, na hakuna aliyerudi nyuma hatua ya pili kuuliza.

Kericho: watu wa hifadhi

Sasa tuvuke mpaka. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, wakauawa watu na ng'ombe wao wakachukuliwa. Ng'ombe hao walikuwa nyara kwa maana kamili ya neno. Lakini mwaka 1919 hapakuwa na vita Kericho. Vita vilikuwa vimepiganwa Tanganyika, na Waafrika wengi wa Kenya walikwenda huko kama askari na wapagazi. Kikosi cha wapagazi ndicho kilichotuachia majina Kariakoo na Kariokor. Vita vilipokwisha, ekari 25,000 za nchi ya Wakipsigis zilitolewa kwa mpango wa maafisa Waingereza waliolemazwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, mpango ukasambaratika, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond na African Highlands ya James Finlay, yakaingia.

Wakipsigis walikuwa nani mbele ya sheria wakati huo? Hawakuwa adui. Hadi 1920 Kenya ilikuwa nchi ya hifadhi ya Mwingereza, nao walikuwa watu wa hifadhi. Kwa hiyo hapakuwa na kabidhi wala mfilisi wa kuorodhesha mali yao. Adui alikuwa na daftari. Mhifadhiwa hakuwa nalo. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria.

Swali la sintaksia

Narudi sasa kwenye lugha, kwani ndiyo iliyonileta hapa. Sentensi tuliyozoea ni hii: "Ekari 25,000 zilitengewa maafisa walemavu." Tazama kinyambuo cha kutendea. Kinamleta ndani ya sentensi anayenufaika, na hakimwachii mahali aliyepoteza. Tukijaribu kumwingiza Mkipsigis kama kiima cha kitenzi hicho katika hali ya kutendwa, tunapata "Wakipsigis walitengwa", na maana imehama kabisa. Kutaifisha nako, neno lililotamba Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, yambwa yake ni kitu: mashamba yalitaifishwa. Kunadi ni vivyo hivyo.

Kufilisi ni tofauti: yambwa yake ya kawaida ni mtu. Mjerumani alifilisiwa. Kupokonya na kunyang'anya navyo humtaka mtu: "Serikali iliwapokonya Wakipsigis ekari 25,000, ikawapa maafisa." Sentensi hii ina mtendaji, mtendwa, kiasi na mpokeaji. Kunyakua, kunakopendwa na waandishi wetu wa habari, ni kwa mwewe na kifaranga. Ni tendo la haraka na la kuvizia, na kwa sababu hiyo nalikataa hapa. Kericho ilichukuliwa mchana, kwa karatasi na muhuri.

Wapo watakaosema kwamba hii ni hoja ya wanaisimu tu. Lakini mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliwatambua Wakipsigis na Watalai kuwa waliodhulumiwa kihistoria, na Agosti 2022 shauri lao likawasilishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Mlalamishi sharti awe mtu. Ardhi "iliyotengwa" haiwezi kulalamika, na ile "iliyoenda" haina hata wa kumshtaki.

Kwa istilahi ya semina, basi, napendekeza "Kabidhi wa Mali ya Adui" kwa shughuli za kabla ya Versailles na "Mfilisi wa Mali ya Adui" kwa zile za baadaye, hata kama kibao cha mlangoni hakikubadilika. Mwenzetu wa Tanga amekubali nusu ya kwanza. Ya pili ameniomba niipime kwa Wameru walioondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, baada ya tume ya Serikali iliyochunguza ardhi ya Arusha na Moshi, yakiwemo mashamba yale yale ya adui, na tumekubaliana kwamba atauwasilisha mfano huo yeye mwenyewe.