Karafuu na Maumivu ya Jino: Ushahidi Unasema Nini?



Katika somo la toleo hili tunajifunza namna ya kupima habari za dawa za asili. Mfano wetu ni karafuu, zao la Mkoani na Pemba nzima. Jino likiuma usiku, wengi wetu hutafuna punje moja au huweka pamba yenye mafuta ya karafuu. Je, ni mazoea tu, au kuna ushahidi?

1. Yaliyothibitika
Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli, inayotia ganzi. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki oksaidi ili kuziba jino kwa muda. Mwaka 2006 watafiti nchini Kuwait walichapisha jaribio la watu 73. Walipakwa ufizi, kisha wakachomwa sindano. Jeli ya karafuu ilipunguza maumivu sawa na benzokeini, dawa ya ganzi ya hospitali, na kuzidi dawa bandia. Hata hivyo, jaribio hilo lilipima uchungu wa sindano, si wa jino bovu.

2. Yasiyothibitika
Kutuliza si kuponya. Karafuu haizibi tundu la jino wala haiondoi usaha. Hapa ndipo penye hatari: maumivu yakipoa, mgonjwa huahirisha safari ya kwenda Hospitali ya Abdalla Mzee, na ugonjwa unaendelea kimyakimya. Shavu likivimba, homa ikipanda, au mdomo ukishindwa kufunguka, asisubiri hata siku moja. Maambukizi ya jino yanaweza kushuka shingoni na kuua.

3. Madhara
Kitu cha asili nacho kina kipimo. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walitoa taarifa ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mafuta ya karafuu kiasi cha mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu na ini lake likaathirika vibaya, aliponea chupuchupu. Mafuta haya yawekwe mbali na watoto, na yasipakwe kwenye fizi za mtoto anayeota meno.

Maswali kwa kamati
Kabla ya kutangaza au kuchangia mradi wowote wa dawa za asili, tuulize:
- Inadaiwa kutibu nini hasa: dalili au ugonjwa wenyewe?
- Je, imejaribiwa kwa watu, ikalinganishwa na dawa nyingine?
- Kipimo chake ni kipi, na nani asiitumie?
- Mgonjwa atachelewa kupata tiba gani akiitegemea?

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kuithamini mitishamba na kumheshimu tabibu. Tusitenganishe hayo mawili. Karafuu imtulize mgonjwa usiku. Asubuhi tumsindikize hospitali.