Legeza Waya Kabla Haujala Gome

SOMO LA WIKI: Kulea kilicho kichanga
Maandiko ya kusoma nyumbani: Mithali 22:6, Yohana 15:1-8, Waefeso 6:4, Waebrania 12:11



Wale mliowahi kupita kwangu mmeuona ule mti mdogo ulio kwenye beseni, karibu na tangi la maji. Wageni wengi huniuliza swali moja: "Mzee, huu mti mbona haukui?" Nami huwajibu kwamba unakua, tena kila siku, ila unakua kwa kufunzwa. Wiki hii nimeombwa tujifunze juu ya malezi ya vijana. Nimeona nianzie hapo kwenye beseni, kwa sababu kuna kosa moja nililolifanya kwa mti na kwa mtoto katika mwaka mmoja, na sitaki mzazi mwingine wa Kiembeni alirudie.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wajapani huiita kazi hii bonsai, maana yake ni kilichopandwa kwenye chombo kama sinia. Wao nao waliipokea kutoka China. Mmoja wa miti wanayoipenda sana kuifunza ni mepo, wenye majani yaliyochanuka kama kiganja cha mtoto, ambayo hugeuka mekundu kabla ya kupukutika baridi inapokaribia.

Watu wengi hudhani mti huo hudumazwa kwa njaa na kiu. Si kweli. Udongo wake ni kidogo, kwa hiyo huhitaji kuangaliwa maji kila siku na kupewa mbolea kwa wakati wake, kuliko hata mti ulioko shambani. Wala si mti wa mbegu fupi. Chukua mbegu ya bonsai uipande shambani, utapata mti mkubwa kama babu zake. Kinachouweka mdogo ni chungu, mkasi, na mkono unaorudi kila mara.

Je, tunaweza kufunza mepo hapa kwetu? Ni vigumu. Mepo ni mti wa nchi zenye majira ya baridi; unahitaji miezi ya baridi ili upumzike, na joto letu la kaskazi haliupi usingizi huo. Jambo hili si geni kwetu majirani wa Bamburi. Mwaka 1971, René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji yaliyobaki mwamba mtupu, alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mmojawapo ukiwa mvinje. Leo tunawapeleka watoto wetu kutembea kivulini pale Haller Park. Hakubishana na mti ulioukataa mwamba. Alisonga mbele na ule ulioukubali. Somo la kwanza ndilo hilo: ujue mti ulio nao mkononi, usiufunze kana kwamba ni mti wa jirani.

Hapa Pwani tuna mkwaju, mbuyu, waridi la jangwani na miti ya jamii ya mkuyu. Wangu ni wa jamii ya mkuyu. Sikuununua. Ndege waliacha mbegu kwenye ufa wa ukuta wetu, ukaota wenyewe. Kila mwenye nyumba anaujua mti huo: ukiuacha, mizizi yake inapasua ukuta. Nguvu haikuwa inaukosa. Uliokosa ni mtu wa kuuelekeza.

HATUA NNE ZA KUFUNZA MTI MCHANGA

1. Anza na mizizi. Macho yetu hukimbilia majani, lakini fundi huangalia kwanza mahali shina linapoingia udongoni. Mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja hufupishwa, ili mizizi midogo inayokula iongezeke pembeni. Usikate mingi kwa mara moja. Theluthi moja yatosha. Mimi hufanya kazi hiyo mvua za masika zinapoanza, mti ukiwa na nguvu ya kupona, kisha nauweka kivulini wiki mbili.

2. Udongo upitishe maji. Mchanganyiko wangu ni kokoto ndogo, vipande vya matofali vilivyopondwa na mboji kidogo. Chombo lazima kiwe na matundu chini, maana mizizi ikikaa kwenye maji yaliyotuama huoza. Usitumie mchanga wa ufuoni, una chumvi. Na kama maji ya kisima chenu ni ya chumvi kama ya kwetu, kinga ya mvua.

3. Pogoa panapozidi. Mti kwa asili hupeleka nguvu nyingi kileleni, na matawi ya chini hudhoofika. Ukipunguza kilele, nguvu inashuka kwa wale walio dhaifu. Mkuyu ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na anayeanza huogopa akidhani ameuua. Usiogope, futa kwa kitambaa chenye maji, utakauka. Ndiyo maana napenda neno lililotumika katika Biblia yetu ya Kiswahili, Yohana 15: Mkulima hulisafisha tawi. Tena tazama, linalosafishwa pale ni tawi ambalo tayari linazaa. Si adhabu.

4. Funga waya. Hapa ndipo tawi hupewa njia. Waya wa alumini ni laini kwa anayeanza. Wengine hutumia wa shaba, na mimi niliupata kwa fundi wa stima. Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Anzia kwenye shina ili ushike, zungusha kwa mshazari, usikaze sana wala usilegeze sana. Halafu pinda polepole kwa vidole viwili vya gumba. Ukisikia mlio, simama hapo hapo. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na kweli, tawi la mwaka huu linapindika. La miaka kumi litavunjika mkononi mwako.

KOSA LANGU

Sasa sikilizeni, wazazi wenzangu. Nilifunga waya vizuri sana. Tawi likakaa pale nilipotaka, nikajipongeza. Kisha kazi ikanipeleka Nairobi wiki saba, na ilikuwa masika. Kumbe mti wa jamii ya mkuyu kwenye joto letu na mvua hunenepa upesi mno. Tawi lilikuwa linakua. Waya haukuwa unakua. Niliporudi, waya ulikuwa umezama ndani ya gome. Nilipoutoa, ukaacha kovu la mzunguko kama nyoka aliyejiviringisha. Tawi la juu yake lilikauka lote.

Mwaka huo huo kijana wangu wa pili alikuwa na miaka 14. Nyote mnaijua hofu ya mzazi wa Kisauni. Tumeona vijana wadogo wakitembea na visu na mapanga, tumezika wengine, wengine wako rumande. Mimi nikasema, wangu hawamwoni. Nikaweka sheria: shule, nyumba, kanisa, basi. Simu nikachukua. Mpira nikakataza. Hata mazoezi ya kwaya ya vijana nikayasimamisha kwa sababu yaliisha magharibi. Kwa miezi mitatu ya kwanza alitii, na mimi nikaja hapa mbele nikashuhudia jinsi Mungu alivyonisaidia. Mnakumbuka mlipiga makofi.

Sikurudi kuangalia. Alifika miaka 15, sheria ni zile zile. Ametimiza 16, sheria ni zile zile. Akaacha kuniomba chochote. Nikidhani ni utii, kumbe alikuwa amenyamaza. Akiingia mimi sebuleni, yeye huondoka. Siku ile nilipokuwa nakata waya kwenye mti, mama watoto alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama lile kovu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, hata huyu wa ndani anakuwa mkubwa." Hakuongeza neno. Nikaweka koleo chini.

Hapo ndipo nilipouelewa Waefeso 6:4. Andiko lile linamwonya baba asimsukume mtoto mpaka kwenye hasira, na papo hapo linamtaka amlee kwa adabu ya Bwana. Mambo yote mawili. Nilikuwa nimeshika nusu ya mstari. Waebrania 12:11 nayo hukubali kwamba kurudiwa kunauma kwa wakati wake, lakini huelekeza macho kwenye tunda la baadaye. Waya una siku yake ya kufungwa, na una siku yake ya kutolewa. Anayeufunga ndiye anayedaiwa kuukagua.

JINSI YA KUTOA WAYA

Haya, tusielewane vibaya. Sikusema msifunge waya. Mti wangu bila waya ungerudi kupasua ukuta. Ninachosema ni hiki:

Kagua kila wiki. Kwenye masika, mti ukinenepa, kagua hata mara mbili. Mtoto wa miaka 13 na wa 16 si mti ule ule. Sheria iliyomlinda jana inaweza kuwa ndiyo inayomkata leo.

Usiuzungushe kuutoa. Anayeanza huurudisha waya kinyume na kuvunja tawi alilolihangaikia. Fundi hukata kipande kwa kipande kwa koleo. Nami sikumfungulia kijana kila kitu siku moja kwa sababu ya majuto. Nilianza na kwaya. Baada ya mwezi, mpira wa Jumamosi. Simu ikaja baadaye, na tuliketi chini tukakubaliana.

Tawi likirudi nyuma, funga tena, lakini pengine. Waya haurudishwi kwenye alama ile ile. Utaongeza jeraha juu ya jeraha. Kijana akikosea baada ya kuaminiwa, usimrudishie gereza lile la kwanza. Tafuta njia nyingine ya kumshika.

Kovu lisifichwe. Kovu la mti huchukua miaka kufifia, na mengine hayafutiki. Mimi nilimwomba kijana wangu msamaha. Baba kumwomba mtoto msamaha, kwa desturi zetu, si jambo jepesi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Leo ana miaka 17. Sisemi amekuwa malaika. Juzi amefika nyumbani saa tatu usiku badala ya saa moja, na tumezungumza kwa ukali kidogo. Lakini tunazungumza.

MTI ULIOPITA MIKONO MINGI

Huko Washington, Marekani, katika jumba la makumbusho la bonsai, kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kufunzwa mwaka 1625. Ulikuwa mali ya familia ya Yamaki wa Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangushwa kwenye mji huo, kiasi cha kilomita tatu kutoka kwao. Mti ulikuwa nyuma ya ukuta, ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi ile ile iliyoangusha bomu. Habari ya kupona kwake haikujulikana pale makumbusho mpaka mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuuona na kuisimulia.

Waliofunga waya wa kwanza kwenye mti huo wamelala makaburini miaka mingi. Waya wao haupo. Umbo lipo. Na kila kizazi kilipokea kazi ya kumwagilia kutoka kwa kilichotangulia. Wapendwa, hatutakuwapo siku zote kuwafungia watoto wetu mlango. Kinachotakiwa kubaki ni umbo ambalo moyo umelishika wakati waya umekwisha kutolewa. Hata sisi viongozi tunaowalea waongofu wachanga tulipime neno hili.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni sheria gani nyumbani kwako iliwekwa kwa sababu nzuri, lakini hujaikagua kwa zaidi ya mwaka mmoja?

2. Soma Yohana 15:1-8. Kuna tofauti gani kati ya tawi linalosafishwa na tawi linaloondolewa? Je, mtoto wako anaijua tofauti hiyo unapomrudi?

3. Vijana mlio kwenye kikundi: ni waya gani mlioupinga zamani ambao leo mnaona uliwasaidia?

ZOEZI LA WIKI: Kabla ya Jumapili ijayo, keti na mtoto mmoja dakika 30 bila simu. Usimhubirie. Muulize panapombana, kisha umsikilize mpaka amalize.

TUOMBE: Baba, wewe ndiwe Mkulima. Tupe mkono wa kufunga bila kuvunja, na jicho la kuona mapema mahali panapokata. Waponye wana wetu waliojeruhiwa na hofu zetu, na wale walioko njiani usiku huu uwarudishe nyumbani salama. Katika jina la Yesu, Amina.