Mwenye presha na jembe la bustani

Msomaji wa Morogoro, mwalimu mstaafu, ana presha na daktari amemshauri afanye mazoezi. Kila asubuhi yuko nyuma ya nyumba kwenye matuta yake ya mchicha na matembele. Binti yake anataka aweke jembe chini na kumlipa kijana, kwa kuwa umri umekwenda. Mama anauliza: bustani inahesabika kuwa mazoezi, au anajichosha bure?

Inahesabika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli ya kiwango cha kati kwa wiki, na si lazima ziwe za kukimbia. Kutifua udongo, kupalilia na kubeba ndoo za maji hupandisha mapigo ya moyo. Kipimo chake ni pumzi: mtu akiweza kuongea huku analima lakini kuimba kukamshinda, amefika. Kumwagilia kwa mpira huku amesimama hakumfikishi huko.

Faida ambayo huenda binti haioni iko upande wa akili. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi, Agnes van den Berg na Mariëtte Custers, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 30 wenye bustani ndogo. Walipewa kwanza kazi ya kuwatia msongo, kisha kwa nusu saa baadhi wakashughulikia bustani na wengine wakakaa ndani kusoma. Kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, ilishuka kwa wote, lakini ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini. Hao pia walirudiwa na uchangamfu wao wote, ilhali wa wasomaji ulizidi kufifia. Kundi lilikuwa dogo na wote walikuwa wapenzi wa bustani tangu awali, kwa hiyo matokeo hayo si ya kila mtu. Ila mama wa Morogoro ni mtu wa aina hiyo hiyo.

Wasio na mazoea hayo nao wamepimwa. Huko Denver, Marekani, watu wazima 291 ambao hawakuwa wakilima waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa vipande katika bustani za jamii, wengine wakaambiwa wasubiri. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2023, yalionyesha kuwa waliolima walikula nyuzilishe zaidi, walijishughulisha zaidi, na msongo na wasiwasi wao ulipungua.

Anayestaafu ualimu hapotezi mshahara tu. Kengele, ratiba na watu wa kusalimiana nao, vyote huondoka siku moja. Mchicha unaotaka maji asubuhi humpa sababu ya kuamka na kutoka nje, na jirani anayekuja kuomba fungu huleta mazungumzo. Kumnyang'anya mama haya yote kwa jina la huruma ni kumpunguzia afya.

Hofu ya binti, hata hivyo, ina msingi. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla baada ya kuinama, na zile zinazoongeza mkojo hukausha mwili haraka juani. Kwa hiyo alime kabla jua halijawa kali, anywe maji, apalilie ameketi kwenye kigoda, na ainuke polepole. Avae viatu vilivyofunika miguu, maana minyoo ya safura hupenya ngozi ya asiye na viatu. Aulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda, kwani vimelea vyake huishi kwenye udongo. Dawa ya presha haiachwi hata kama bustani imestawi.

Kijana alipwe kwa kuvunja ardhi ngumu na kubeba mbolea. Miche, palizi na kuchuma vibaki kwa mama. Akibanwa kifua, akikosa pumzi au mkono mmoja ukalegea ghafla, kazi isimame na apelekwe hospitali mara moja.