Motokaa Kuukuu Ikikataa Kuwaka: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Jericho, Maringo na Makadara, si ajabu kumwona mtu alfajiri amesimama mbele ya motokaa yake, boneti i wazi, na majirani wamemzunguka, kila mmoja na shauri lake. Mmoja asema ni betri, wa pili asema ni plagi, na wa tatu, ambaye hajapata kushika bisibisi maishani mwake, asema kwa hakika kabisa kuwa injini imekufa. Mwenye motokaa ana haraka ya kufika kazini, basi hulifuata shauri la yule mwenye sauti kubwa. Ikifika jioni fedha zimekwisha, na motokaa ingali pale pale.

Somo letu la leo ni kwa watu wa namna hiyo, wenye motokaa za zamani zitumiazo kabureta na distributa, ambazo bado twaziona katika barabara zetu. Magari mapya huongozwa na kompyuta, na ugonjwa wao husomwa kwa chombo maalumu. Lakini motokaa ya zamani humweleza mwenyewe shida yake, madhali aiulize maswali kwa utaratibu na kusubiri jibu.

Mfano wa mtu wa Jericho

Tuchukue mfano. Mtu mmoja wa Jericho ana Peugeot 504 kuukuu ya kubebea mizigo. Kila siku kabla ya mapambazuko huenda soko la Wakulima kuchukua mboga na kuwapelekea wenye vibanda mitaani. Riziki ya nyumba yake na karo ya watoto wake zimo katika motokaa hiyo. Asubuhi moja azungusha ufunguo, starta yatoa mlio mdogo, "tik", kisha kimya. Siku ya kwanza anunua betri mpya. Mlio ni ule ule. Siku ya pili starta yafunguliwa na kupelekwa kusukwa nyaya upya. Mlio ni ule ule. Sasa amekosa kazi siku mbili, amekopa fedha, na wateja wake wameanza kununua kwa mwingine.

Siku ya tatu amwita fundi mzee wa mtaa wa pili. Mzee hakufungua sanduku la spana. Aliuliza tu:

"Mwanangu, ulipozungusha ufunguo, taa za mbele zilifanya nini?"

"Sikuziwasha, mzee."

"Ziwashe basi, tuone."

Ufunguo ulipozungushwa taa hazikufifia hata kidogo. Mzee akainama, akaushika waya wa kikanyagio cha mafuta, akauachia upesi. Ulikuwa wa moto. Akacheka, akasema, "Betri yako ni nzima, na starta yako ilikuwa nzima. Umeme umekosa njia ya kurudi nyumbani." Akaufungua ule waya mnene uunganishao injini na bodi, akasugua kutu kwa msasa, akaukaza tena. Injini ikawaka mara moja.

Sababu yake ni hii. Umeme hutoka kwenye betri, hufanya kazi, kisha hauna budi kurudi kwenye betri. Kwa kuwa injini imekaa juu ya mipira, haigusani vema na bodi. Waya ule mnene ndio daraja lake. Daraja likioza, umeme mwingi wa starta hutafuta vichochoro, na mara nyingi hupita katika waya mwembamba wa mafuta na kuuchoma. Taa zilibaki na nguvu kwa kuwa zenyewe hurudishia umeme wao katika bodi, si katika injini.

Mtu huyu alitumia fedha za siku nyingi kununua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Basi tushike kanuni moja: usibadili kitu chochote mpaka umekwisha kukipima.

Kwanza: starta haizungushi injini

Washa taa kubwa, mwambie mwenzako azungushe ufunguo, nawe uzitazame. Taa zikififia sana au kuzimika, betri imeishiwa nguvu, au vichwa vyake vimeshika ule unga mweupe. Taa zikibaki kama zilivyokuwa, umeme hauifikii starta au haupati njia ya kurudi. Tazama nyaya na swichi kabla ya kufungua starta yenyewe.

Mwenye kipimo cha volti ana shahidi wa kweli. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma chini ya 12, imekwisha. Injini ikinguruma, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kisipopanda, betri haitiwi chaji, na hata ukinunua mpya nayo itakufa.

Unga mweupe husafishwa kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi kidogo, lakini angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Katika magari mengi waya wa hasi ndio uliofungwa kwenye bodi. Fungua huo kwanza, na uurudishe mwisho, ili spana isigonge bodi na kutoa cheche. Betri inapotiwa chaji hutoa hewa iwezayo kulipuka, kwa hiyo usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo.

Pili: starta yazungusha, injini haiwaki

Injini ya petroli yataka mambo matatu: petroli na hewa vilivyochanganyika kwa kadiri, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Anza na cheche, kwani ndiyo rahisi kupima, na uipime kabla hujamwaga petroli popote. Fungua plagi moja, irudishe katika kifuniko cha waya wake, ilaze ili chuma chake kiguse chuma cha injini, kisha injini izungushwe. Usishike plagi kwa mkono mtupu, maana umeme wake ni wa maelfu ya volti.

Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, umeme si kosa. Usipoona cheche, au ukiona ya manjano iliyo dhaifu, fungua kifuniko cha distributa. Wakati wa mvua za masika, gari likipita katika madimbwi, mara nyingi dawa ni kukipangusa kifuniko hicho kwa kitambaa kikavu, ndani na nje. Kisha tazama pointi, yaani vile vidomo viwili vifungukavyo na kufungana. Zikiwa zimeungua zisafishwe au zibadilishwe, na nafasi yake ipimwe. Katika magari mengi ya aina hii nafasi ya pointi ni karibu milimita 0.4, na ya plagi karibu 0.6, lakini kitabu cha gari lako ndicho hakimu.

Cheche ikiwa njema, fuata petroli kutoka tangini hadi kabureta: je, imo? Chujio ni safi? Pampu yasukuma? Katika njia ya kutoka Mombasa, jua likiwa kali na mzigo mzito, petroli yaweza kugeuka mvuke ndani ya bomba, na pampu ikashindwa kuusukuma. Hapo simama kivulini, tandika kitambaa cha maji juu ya pampu, na ungoje. Kamwe usimwage petroli katika mdomo wa kabureta huku mwenzako akizungusha starta. Injini ikirudisha moto nyuma mara moja tu, uso wako na gari lako vitawaka pamoja. Wala usinyonye petroli kwa mdomo, kwani ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Tatu: yawaka, lakini yakohoa

Injini ikitetemeka, ondoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Ukiondoa waya na mwendo ukazidi kuharibika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Ukiondoa na kusiwe na tofauti, huyo ndiye mvivu. Fungua plagi yake uisome. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi mno. Weusi wenye mafuta ni oili ipitayo mahali isipopaswa kupita. Weupe uliokauka ni petroli kidogo au joto la kupita kiasi. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya Mombasa huenda ikatoa masizi hapa, bila ya kuwa imeharibika.

Nne: injini yachemka

Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji yaliyo chini ya mgandamizo huruka kama mvuke wa sufuria na kuchoma uso. Ngoja mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono, na usimwage maji baridi katika injini ya moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

Katika mwinuko wa Nairobi maji yaliyo wazi huchemka karibu digrii 94, si 100. Kifuniko cha rejeta chenye mpira mzima hubana maji yasichemke upesi. Kifuniko kikichoka, maji huchemka mapema, na mwenyewe huambiwa kwamba gasketi ya hedi imeungua. Basi anza na kitu cha bei ndogo.

Kisha uliza: yachemka wapi? Ikichemka katika msongamano wa Jogoo Road lakini ikapoa barabara ikifunguka, mtuhumiwa ni feni. Baadhi ya Peugeot 404 na 504 zina feni ishikwayo kwa sumaku ya umeme maji yanapopata moto. Waya wake ukikatika, feni huzunguka kivivu bila kuvuta hewa. Bali ikichemka katika mwendo wa kasi na mlimani, shuku rejeta iliyoziba, thamostati au pampu ya maji. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka pamoja na joto kupanda, simama papo hapo: katika magari mengi ukanda mmoja huzungusha jenereta na pampu ya maji, na huenda umekatika. Dalili mbili zikitokea pamoja, tafuta kwanza sababu moja.

Tano: breki hazina majaribio

Yote tuliyoyasema mtu aweza kujaribu mwenyewe, ila breki. Kikanyagio kikizama, au gari likivutwa upande mmoja, usiliendeshe hata hadi dukani. Wako watiao oili ya injini katika breki ili wafike. Oili hiyo huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu, na breki zikashindwa siku nyingine, mbele ya watoto wavukao barabara. Mpe fundi anayejua, wala usione haya kumwuliza alichokifanya.

Petroli ya siku hizi

Wenye injini za zamani sana wajue jambo moja zaidi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na jambo hilo lilikuwa jema kwa akili na afya za watoto wetu. Lakini risasi ile ilikuwa ikilinda makalio ya vali katika injini zilizotengenezwa kwa chuma laini. Injini ya namna hiyo ikibebeshwa mzigo mzito, vali huzama polepole, nafasi zake hupungua, na nguvu hupotea. Zipimwe mara kwa mara, na hedi ikifunguliwa, fundi atie makalio ya chuma kigumu.

Neno la mwisho

Mwaka 1965 Joginder Singh, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda mashindano ya East African Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika. Wengi walikuja na magari mapya. Yeye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na alijua kila kilichokuwamo ndani ya gari lake.

Si lazima kila mtu wa Jericho awe fundi. Lakini kila mwenye motokaa kuukuu aweza kuweka daftari dogo ndani ya gari, na siku ya shida aandike mambo matatu: gari lilikuwa likifanya nini, nimepima nini, na kipimo kimesema nini. Mpe fundi daftari hilo kabla ya kumpa fedha. Fundi mwaminifu atafurahi, maana umempunguzia kazi. Na asiyetaka kulisoma, huyo umekwisha kumjua bila gharama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: kabla ya kuziba, hakikisha ufa uko wapi.