Dalili za Mimba Kuharibika: Damu Isingojwe Ikome Yenyewe

Mama mjamzito akiona damu, hata kama ni matone, anafaa kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Si kila damu ina maana kwamba mimba imetoka. Wengi wanaotokwa na damu kidogo katika miezi mitatu ya kwanza huendelea na mimba na kujifungua salama. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu, awe mama mwenyewe, mama mkwe au mkunga wa jadi. Lazima apimwe.

Dalili nyingine ni maumivu ya tumbo la chini au kiuno yanayobana na kuachia, maji kutoka ukeni kabla ya wakati, mabonge ya damu, na homa inayoandamana na uchafu wenye harufu mbaya. Ziko mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja. Ya pili ni maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya bega. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na mama anavuja damu ndani kwa ndani ilhali nje haionekani nyingi. Hapo maisha yake yamo hatarini.

Kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12. Takriban nusu ya zile za mapema hutokana na kasoro za kromosomu zilizokuwapo tangu mimba ilipotungwa. Mama hana lawama. Hakuipoteza kwa kushtuka, kupika au kwenda harusini, wala kwa jicho la jirani. Umri wa zaidi ya miaka 35, kisukari, shinikizo la damu, kaswende, malaria na sigara huongeza hatari, na mengi ya hayo hugunduliwa au kudhibitiwa kliniki.

Garissa ina hatari nyingine inayostahili kuzungumziwa zaidi: mifugo. Mfugaji wa Lagdera au Fafi akiona mbuzi, kondoo au ngamia wake wanatupa mimba, hujua kuna ugonjwa bomani. Ni vyema akumbuke pia kwamba nyumbani kuna mjamzito. Ugonjwa wa brusela, unaofanya wanyama kutupa mimba, humwingia binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma au kitoto kilichotupwa, na unaweza kuharibu mimba ya mama. Homa yake huja na kuondoka, pamoja na jasho na maumivu ya viungo, ndiyo maana watu wengi huidhani malaria au homa ya matumbo. Mjamzito asijinunulie dawa kwenye duka la dawa. Baadhi ya dawa za brusela hazifai kwake. Maziwa ya ngamia ni chakula kizuri, ila kwa mjamzito yachemshwe kwanza. Kuzalisha mifugo na kuzika vilivyotupwa kufanywe na mtu mwingine, tena aliyevaa glavu.

Ndivyo ilivyo na Homa ya Bonde la Ufa, ambayo wakazi wanaikumbuka baada ya mvua kubwa za 1997 na tena mwishoni mwa 2006. Huenezwa na mbu na kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Utafiti uliofanywa Port Sudan, nchini Sudan, na kuchapishwa 2016 uliihusisha na mimba kuharibika kwa wanawake. Mvua ikizidi, neti ni ya kila usiku.

Adui mwingine ni umbali. Kutoka Hulugho au Balambala hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Garissa si safari ya kuanza kupangwa damu ikishatoka. Mara nyingi anayetoa ruhusa ya kusafiri ni mume au mzee wa familia, naye pengine yuko malishoni. Ruhusa hiyo itolewe mapema, mimba inapojulikana, pamoja na gari, nauli na mtu wa kumsindikiza. Kituo cha karibu kinaweza kuanza matibabu na kupanga rufaa.

Mimba ikitoka, mama bado anahitaji kupimwa, hata damu ikipungua. Mabaki yakisalia tumboni yanaweza kuleta maambukizi. Kundi lake la damu huandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Ikiwa ni Rhesus hasi, aulize kuhusu sindano ya kuikinga mimba ijayo, ambayo hutolewa ndani ya saa 72.